Bati la Daktari

Raya mwanangu,

Kabla hujaendelea, nakuomba kitu. Barua hii isome peke yako, kisha ikunje uirudishe ndani ya soksi nilimoificha. Usimsomee rafiki, hata yule utakayempenda kuliko wote. Usimwonyeshe mwalimu. Usimtajie hata baba yako mdogo akija kukutembelea. Neno moja la humu likitoka nje, sina kazi, na sijui kama yataishia kwenye kazi. Najua unavyonitania, kwamba mama anaweza kuogopa hata kanga yake mwenyewe ikipeperuka kwenye kamba. Safari hii nivumilie.

Umekwenda kwa fundi kuchukua sketi za shule. Fundi wetu ukimfikia saa nne atakuambia kimebaki kifungo kimoja, na kifungo kimoja kwake ni mpaka adhuhuri. Kwa hiyo nina muda. Tranka lako liko mbele yangu, limefungwa, jina lako limeandikwa kwa rangi nyeupe. Sitakuandikia habari za kufuli, ndoo wala chandarua. Hayo utaambiwa siku ya kwanza, na kwa sauti kubwa kuliko yangu.

Nilikuzaa nikiwa na miaka kumi na minane. Wauza sokoni mpaka leo huniita dada yako, na wewe hufurahi kwa niaba yangu. Mimi nadhani wanaona kitu cha kweli: kwamba sijawa mtu mzima sawasawa. Nimesoma, nina vyeti, naandika barua safi. Lakini mtu akiniuliza swali ghafla, nakuwa mtoto wa darasa la pili. Nataka nikueleze mara mbili nilizoulizwa swali moja.

Unajua nafanya kazi masjala. Ukiulizwa mama yako anafanya nini, unasema ni karani, na nimekuacha useme hivyo kwa kuwa ni kweli. Sijawahi kukuambia kampuni ile inauza nini. Inauza vitu vingi. Kwa miaka mingi, kabla sijazaliwa, iliuza sigara pia. Mimi mwenyewe nililijua hilo mwezi huu tu. Nitafika huko.

Kwanza duka la babu yako, Buguruni. Unalijua bati lililopigiliwa nyuma ya kaunta, juu ya magunia, lenye kutu pembeni. Limechorwa mtu mwenye koti jeupe na kipimo cha daktari shingoni, ameshika sigara na pakiti ya kijani, na anatabasamu. Maandishi yamefifia, huwezi kuyasoma tena. Nilipokuwa mdogo yalisomeka. Bati hilo lilikuwepo tangu enzi za babu yangu mimi, na baba alikuwa akiliona kila siku kama mtu anavyoona ufa wa ukuta wake.

Babu yako ni msomaji kuliko watu wengi ninaowajua, ila kwa herufi za Kiarabu tu. Daftari lake lote la duka ni la herufi hizo. Hizi zetu za shule hazijamwingia mpaka leo. Wewe ndiye uliyerithi mwandiko wake. Nakumbuka vikaratasi ulivyokuwa ukimwachia kaunta, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, "Babu, mchele umekwisha," naye anavihifadhi kama barua za serikali. Mimi sikuwa na mkono huo. Mimi nilikuwa mtoto wa herufi za shule, na siku nilipoanza kuzisoma, alinisimamisha juu ya gunia la sukari.

"Hilo limeandikwaje?"

Nikafuata kwa kidole. "Da-kta-ri a-na-jua."

"Anajua nini?"

"La-ini kwa koo. Hu-fungua kifua."

Muuza ndizi aliyekuwa anasubiri chenji akaangua kicheko. "Sheikh, umejinunulia kasuku!"

"Kasuku haendi shule," baba akamjibu. Akanigeukia. "Soma tena, mama."

Nikasoma tena. Nikasoma siku hiyo kwa kila aliyeingia, nikapewa peremende. Hakuna siku niliyopata kujivuna kama ile.

Bibi yako alikuwa uani. Alikuwa akikaanga buni za wauza kahawa, karai zima asubuhi na karai zima mchana, na kifua chake kilikuwa kikibana tangu ujana wake. Dawa yake ilikuwa kujifukiza: majani ya mkaratusi na mchaichai kwenye sufuria, blanketi juu, mvuke. Aliposikia kwamba sigara za pakiti ya kijani, zile za mnanaa, zinafungua kifua na daktari anajua, alitoka na mwiko mkononi.

"Si mnanaa huo? Basi hiyo ni dawa ya kufukizia. Watu wameikosea tu, wanaitia mdomoni."

Unaelewa, Raya? Bibi yako hakuvuta sigara hata siku moja. Mwanamke wa nyumba yetu na sigara mdomoni, afadhali afe. Alijifukiza. Kila siku baada ya swala ya alasiri, baba alitoa sigara moja dukani, akaisimika kwenye majivu ya chetezo, akaiwasha kwa kaa la moto, akamletea kwa mkono wake. Yeye akajifunika kanga mbili na kuvuta pumzi mpaka iishe. Sigara moja, kama dozi. Mimi nikiwa na mafua aliinua pindo la kanga akaniita, "Njoo, ingia upate na wewe." Nikaingia. Kulikuwa na joto, harufu ya mnanaa na magoti yake. Sijapata mahali pengine palipokuwa salama kama pale. Nakuandikia hivyo kwa sababu ni kweli, na sijui niifanye nini kweli hiyo.

Ikapita miaka. Nikafika kidato cha pili. Mwalimu wa baiolojia alichora mapafu ubaoni, akatueleza moshi unayafanya nini, na akasisitiza kwamba si lazima uuvute kwa mdomo wako. Nikaandika daftarini, nikapigia mstari kwa rula. Jioni nikaenda dukani, nikalitazama lile bati. Nilijiambia nitasema wakati mzuri ukipatikana.

Wakati mzuri ukapatikana, wenyewe ukaja. Bibi yako alizidiwa, tukampeleka hospitali. Daktari alikuwa dada kijana, mpole, ana kalamu mbili mfukoni.

"Mama, unavuta sigara?"

"Astaghfirullah! Mie? Hivi unavyoniona?"

"Samahani mama, huwa tunamuuliza kila mtu."

"Basi muulize huyu binti yangu, yeye msomi. Niseme uongo mie?"

Daktari akanigeukia. Bibi yako naye akanigeukia, anatabasamu, amejaa imani.

"Havuti," nikasema.

Haukuwa uongo. Ningesema uongo ningekuwa na kitu cha kutubia chenye jina. Nilitoa jibu sahihi kwa swali lililoulizwa, daktari akaliandika, akaendelea na swali lingine. Nilimwona akiliandika. Ni neno fupi. Alasiri ile ile bibi yako alirudi nyumbani na akaletewa chetezo chake.

Alifariki mwaka uliofuata. Sisemi moshi ule ndio uliomuua. Kifua chake kilikuwa kibovu tangu kabla sijazaliwa, karai la kahawa nalo lilikuwa na moshi wake. Sijui, na hakuna atakayejua. Nasema tu kwamba mtu mwenye ujuzi aliuliza, na jibu nilikuwa nalo. Siku ya msiba sikulia. Watu walisema mtoto huyu ana subira. Nilikuwa nimekaa na wanawake ndani, nahesabu vikombe vinavyoingia na kutoka, ili visipotee.

Sasa mara ya pili. Hii ulikuwepo.

Mwezi uliopita tulipompeleka babu yako, ulikuwa umeshika mfuko wa dawa na chupa ya maji. Umewahi kuniuliza kwa nini chumba chake hunukia mnanaa alasiri, nikakuambia ni ubani fulani. Si ubani, mwanangu. Tangu bibi yako aondoke, yeye huwasha moja kila alasiri kwenye chetezo kile kile, anajifunika kanga ya bibi yako. Kwa kumkumbuka, na kwa kifua. Unakumbuka alivyojibu?

"Sijavuta maishani mwangu. Wenzangu wakivutaga, mie nauza tu."

Daktari akacheka. "Muuzaji asiyeonja! Mzee, wewe mjanja. Na nyumbani je, kuna anayevuta?"

"Hakuna."

Kisha akatutazama sisi wawili. Wewe ukatikisa kichwa, kwa sababu hukujua. Mimi nilitazama kalenda ukutani. Nilisoma majina ya siku. Nilikuwa na miaka thelathini na tano na nilisoma majina ya siku kama mtoto, Jumamosi, Jumapili, mpaka swali likapita. Mlipotangulia kutoka, ningeweza kurudi ndani, mlango ulikuwa wazi. Nikawafuata.

Sasa nirudi kwenye habari za kazini. Kampuni inahamia jengo lingine, na ghala la mafaili ya zamani linatakiwa liwe tupu. Kazi yangu ni kupanga: haya yanahifadhiwa, haya yanateketezwa. Nilipewa Mzee Mtonga anionyeshe kilipo kila kitu. Alikuwa tarishi wa ofisi tangu ujana wake, amestaafu zamani, lakini kila wakikwama humwita kutoka Temeke, wakampa chai na nauli. Kwenye boksi la matangazo nilivuta karatasi kubwa iliyoviringishwa, nikaifungua juu ya meza. Koti jeupe. Kipimo shingoni. Tabasamu. Maandishi yote mazima kabisa.

Nilisimama. Sikusikia kitu moyoni, Raya. Nilitegemea nitasikia kitu.

Mzee Mtonga akainama, akavaa miwani, akapiga makofi. "Ewaa! Huyo mie."

"Wewe nani, mzee?"

"Huyo daktari! Mie huyo! Tazama masikio. Masikio yanabadilikaga?"

Nikatazama masikio. Yalikuwa yake.

"Walimtafuta daktari wa kweli wakamkosa," akasema. "Mkubwa akapita koridoni, akaniona nabeba chai, akasema huyu ana sura ya kuaminika. Koti ni la kinyozi wa ng'ambo ya barabara, bado lina nywele za watu kwenye mfuko. Hicho cha shingoni sijui walikitoa wapi, walinivisha kinyume, wakapiga picha, ndo wakaichora. Siku hiyo nilipandishwa cheo, mwanangu. Kesho yake nikarudi kubeba chai."

"Maneno uliyaona?"

"Niliyaona yameshabandikwa mjini kote." Alianza kucheka, akaacha. "Unajua watu walinifuata nyumbani? Kweli kabisa. Wanagonga, mama kabeba mtoto, 'Daktari tuangalizie.' Nawaambia mie tarishi. Wanasema, tazama daktari huyu asivyokuwa na majivuno. Nikawa nawaambia nendeni hospitali, nendeni hospitali. Nikahama mtaa."

Nikamuuliza, kama ninavyouliza mambo ya masjala, kama aliwahi kumwambia mtu.

"Nimwambie nani? Mtu kaona kwa macho yake, limeandikwa. Mie neno langu la mdomo."

Alipokwenda kunywa chai nilisoma faili lililokuwa chini ya boksi. Mengi yalikuwa ya bei za uchapaji. Ukurasa mmoja ulikuwa wa taipu, umeandikwa na karani wa matangazo kwenda kwa mkubwa wake. Nauweka kwa Kiswahili. Anasema daktari waliyemwandikia amekataa kuthibitisha kwamba sigara hizi zinafungua kifua. Amesema hajui jambo kama hilo. Kwa hiyo yeye karani anashauri wasitaje jina la mtu yeyote. Waandike tu kwamba daktari anajua. Tukiwa hatukusema ni daktari gani wala anajua nini, anasema, hakuna atakayeweza kutudai. Chini yake, kwa penseli, mkono mwingine umeandika: ongeza koo na kifua.

Nilikuwa nimetafuta mtu wa kumchukia. Miaka yote hiyo nilidhani yupo mahali, mtu mnene, anacheka. Nikamkuta karani. Taipu yake safi, hakuna kosa hata moja, pambizo limenyooka. Mwangalifu. Amechagua maneno ambayo hakuna hata moja kati yake lililo uongo. Ningekuwa nimeiandika mimi ingekuwa hivyo hivyo. "Havuti."

Mkuu wangu wa idara si mtu mbaya. Alinikuta nasoma.

"Dada Maryam, sie tunateketeza, hatusomi. Ukianza kusoma hatuhami mwaka huu."

"Haya ya matangazo, kaka, labda yana historia…"

"Historia ya nini? Weka kwenye kuteketeza. Jaza fomu."

Fomu ina mstari unaosema kwamba nimekagua na sikuona kitu chenye umuhimu. Niliweka sahihi. Unajua sahihi yangu, hainyanyui kichwa. Asubuhi yake walichoma nyuma ya ghala, kwenye pipa, daktari na masikio yake na faili zima. Nilisimama hapo kama shahidi, kwa kuwa fomu inataka shahidi. Moshi wake haukuwa na mnanaa.

Ila ukurasa ule haukuwemo. Ulikuwa chini ya hotpoti langu, ndani ya kikapu, na mchana nilifika nao nyumbani Mbagala. Juzi mkuu akaniuliza, akiwa anajaza kumbukumbu, "Lile faili la matangazo lilikuwa na kurasa ngapi?" Nikamwambia arobaini. Zilikuwa arobaini na moja. Akaandika arobaini, lakini akanitazama kidogo kabla ya kuandika. Tangu hapo kila simu ikilia mezani nadhani ndiyo hiyo. Usiniulize ukurasa uko wapi. Haumo kwenye tranka lako, wewe hautakugusa.

Sasa utauliza, na ni haki yako: kama ninao, kwa nini simpelekei babu yako? Nilikwenda. Jumapili nilipokuambia nakwenda kununua unga, nilikwenda Buguruni. Nilimkuta ameshaswali, anasimika sigara kwenye majivu, polepole, kwa vidole viwili, kama mtu anayepanda mche. Akaniambia, "Kaa. Mama yako alikuwa akiipenda isimame wima, isiegemee." Mimi nimwambieje? Nimwambie dozi uliyompelekea mkeo kila siku kwa mkono wako ilitoka kwa tarishi aliyevaa koti la kinyozi? Kwamba niliyekusomea ni mimi, na nilipojua nilinyamaza, na mwezi uliopita nikanyamaza tena mbele yako? Nilikaa. Nikavuta harufu ile. Nikanunua unga, nikarudi.

Na bado anakohoa, Raya. Hilo ndilo lililobaki. Mengine yote yamekwisha, yaliyozikwa yamezikwa, yaliyochomwa yamechomwa. Yeye bado anajifunika ile kanga kila alasiri, na mtu pekee anayeweza kumzuia ni yule aliyemsomea.

Sikuandikii ili ujifunze kusema kweli. Wewe unasema kweli hata pasipohitajika, walimu wako wameniandikia kuhusu hilo. Nakuandikia kwa sababu utakuwa kati ya watu ambao watakuamini kwa kuwa wewe unasoma na wao hawasomi, au unasoma kuliko wao. Watakuomba uwasomee kitu. Mimi sikujua kwamba mtu anapokuambia "soma tena", hakupi sifa. Anakukabidhi kifua chake.

Jumatatu, ukishaondoka, nimejiahidi nitakwenda kumwambia. Najua thamani ya ahadi zangu. Kwa hiyo nimetafuta njia ya kunifunga, na njia hiyo ni wewe.

Ukitaka kunipata, usipige simu ya ofisini hata ukiwa unaumwa. Mwambie matroni apige hii ya nyumbani. Lakini barua usinitumie mimi. Itume kwa babu yako. Mpe kondakta wa basi la Jumatano linalopita hapo shuleni, mwambie dukani kwa Mwarabu, kama wanavyomwita babu yako, Buguruni sokoni, nyuma ya wauza nazi. Vijana wa stendi wanapafahamu. Iandike kwa herufi za Kiarabu, yote, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Mimi nitajikongoja kuisoma. Yeye ataifungua kwanza, kwa sababu hufungua kila kitu chenye mwandiko wako.

Mstari wa kwanza, kabla hata ya shikamoo, andika hivi: Babu, mama amekueleza lile bati linasema nini?

Usitaje ofisi. Usitaje karatasi wala Mzee Mtonga. Mstari huo tu, kisha endelea na habari za shule. Kama nitakuwa nimeshamwambia, atanipa barua yako. Kama sijamwambia, atafunga duka mchana, atakuja mpaka hapa Mbagala, ataniuliza uso kwa uso, na sitakuwa na kalenda ya kutazama.

Tumia wino mweusi, na ziwe kubwa. Macho yake si ya zamani. Hakikisha anaweza kuisoma mwenyewe. Asisomewe na mtu.

Andika wiki ya kwanza, hata kama huna la kusema.

Mama yako,
Maryam